Kochi la Krimu la Kamanthe

Ukitaka kujua maisha ya Kamanthe, usimwulize yeye, maana atakudanganya. Njoo kwangu uangalie viti. Mimi naitwa Nzilani, nimekuwa jirani yake hapa Kangundo kwa miaka thelathini na kitu, na tangu tupakane sijawahi kununua kiti hata kimoja. Kila mtindo unapomchosha, unavuka ua wa michongoma na kuingia sebuleni kwangu. Mimi huwa naishi katika fahari yake ya miaka kumi iliyopita, na sioni haya kusema.

Alipoolewa na marehemu Kisilu, karani wa chama cha ushirika cha kahawa, alikuta viti vya mbao vyenye mito ya sponji. Mtindo wa siku hizo ulikuwa vitambaa vya kufuma, na Kamanthe akifanya jambo halifanyi nusu. Alifuma kitambaa cha mgongo wa kiti, cha mkono wa kiti, cha meza, cha redio, na mwaka mmoja akafuma cha birika la chai. Mgeni akiinuka kwenda zake, kitambaa kilimng'ang'ania shati mpaka sokoni, na kesho yake Kamanthe alikuwa akizunguka mji mzima kuuliza nani kaondoka nacho.

Baada ya vitambaa likaja kabati la ukutani lenye vioo, refu kutoka sakafuni hadi darini, likajazwa glasi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kunywea. Kisilu alikufa bila kuonja hata maji kwa glasi zile. Siku za matanga Kamanthe alilia kama mjane yeyote, lakini kabla ya kulia alifunga kabati kwa kufuli, waombolezaji wasije wakavunja kitu.

Kisha kochi la ngozi. Ngozi ya jina tu. Mwezi wa kwanza liling'aa, tukaitwa kijiji kizima kuliona. Ikifika Oktoba, jua likiwaka, ulikuwa ukilikalia, ukiinuka unajibandua kama plasta ya kidonda. Mwaka wa tatu likaanza kubambuka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kamanthe ana mtoto mmoja wa kike, Syokimau, anayefanya kazi Mlolongo kwenye ofisi ya mambo ya malori, karibu na mizani. Miaka sita iliyopita watu fulani kutoka Machakos mjini walikuja kumposa. Mzee wao mmoja, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, alikaa kwenye lile kochi la ngozi kwa muda wa saa tatu. Aliposimama, nusu ya kochi ilisimama naye. Alikuwa na madoa meusi kuanzia mgongoni hadi magotini, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Posa ile ilivunjika siku ile ile, na yule kijana akaoa kwingine kabla ya Krismasi.

Sasa, sisi sote tuliokuwepo tunajua ilivunjwa na nini. Ilivunjwa na mdomo wa Musili, ndugu yake Kisilu, ambaye tangu kaka yake afariki ndiye msemaji wa boma lile. Musili ni mtu mwadilifu, lakini kwake kila neno ni kesi. Siku ile aliwauliza wageni mara nne kama kwao wanaume huoga kabla ya kwenda kuposa. Lakini Kamanthe hakuwahi kumlaumu Musili. Alilaumu kochi. Nilipomhoji akaniambia kwamba nyumba mbaya humfanya mgeni akose subira. Mimi nilimwelewa zaidi ya alivyojielewa mwenyewe. Kochi unaweza kulibadilisha, shemeji huwezi.

Miaka sita alibeba jambo hilo moyoni. Syokimau akafika thelathini na nne. Wanawake wa kanisani wakaacha kumuuliza Kamanthe habari za binti yake, na hapo ndipo alipoumia kweli, kwa sababu wakikuuliza bado wana matumaini. Kwa hiyo mwaka huu Syokimau aliposema kuna mtu, jina lake Mwanzia, fundi wa breki za malori pale Mlolongo, na kwamba watu wake watatoka Masinga kuleta mbuzi wa ntheo, Kamanthe hakuuliza kijana anakunywa pombe au hanywi. Aliuliza siku hizi watu wanakalia nini.

Aliulizwa Syokimau, na Syokimau akaiuliza simu yake. Kila jioni alimtumia mamake video za TikTok za sebule ambamo hawaishi watu. Kuta zikapakwa kijivu. Upande wa televisheni ukabandikwa fito za mbao zilizosimama wima, kama zizi. Dari ikawekwa jipsam na taa zinazobadilika rangi, ukiingia unakuta Kamanthe mwekundu, ukipiga chafya amekuwa wa bluu. Picha zote zikashushwa ukutani: Kisilu na koti lake la harusi, Syokimau na meno yake mawili, hata kalenda ya parokia. Syokimau alisema ukuta wa kisasa hautaki watu, unataka kupumua.

Kilichonimaliza ni nyasi. Kamanthe alinunua nyasi ndefu zilizokauka, zikaja zimefungwa kwa karatasi kama maua ya bibi harusi, akazitia kwenye mtungi mkubwa wa udongo kando ya mlango. Ukambani nzima tunapiga magoti tukiomba mvua nyasi ziote, na yeye ananunua zilizokufa. Musili alipoziona alidhani ni chakula cha wale mbuzi, akamsifu Kamanthe kwa kujiandaa mapema.

Halafu kochi. Lilikuja kwa pikapu kutoka Mlolongo, limefungwa nailoni, rangi ya krimu, kitambaa chake kina vinyoya kama mgongo wa kondoo. Halikuwa na miguu. Lilikuwa pana kiasi cha kulala mtu na mkewe, na la chini hata ukilitazama kutoka mlangoni unadhani limezama. Kamanthe alilizunguka mara mbili akilibonyeza kwa kiganja. Wiki ya tatu Syokimau akasema nailoni ni ushamba, ikatolewa, na tangu siku hiyo kochi likapata mlinzi. Kuku hakukaribia mlango. Mimi mwenyewe nilipokelewa jikoni. Nilimuuliza mara moja likoje kukalia, akanijibu kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu kwamba ni laini sana.

Ntheo, kwa asiyejua, ndiyo siku yenyewe kwetu Wakamba. Mbuzi wa ntheo wakishapokelewa kwa boma la msichana, huyo ni mke wa mtu, hata harusi ya kanisani ije au isije. Wakikataliwa, hakuna kitu. Wageni walifika Jumamosi moja ya Agosti, saa tatu asubuhi, na lori dogo lenye mbuzi. Mwanzia alibaki nje na mbuzi wake, kwa maana bwana harusi huwa haketi kwenye mazungumzo. Wanawake wao wakaja jikoni kwetu. Ndani wakaingia wazee watatu, na msemaji wao alikuwa mzee mmoja mrefu aitwaye Muli, mfugaji wa kule kando ya bwawa la Masinga, umri wake sabini na kitu.

Walifika mlangoni wakaona kapeti nyeupe, wakavua viatu bila kuambiwa. Muli alisimama mbele ya kochi akalitazama kwa muda, kisha akamgeukia Kamanthe, akamwita mama kwa Kikamba.

"Mwaitu, hapa ni pa kukaa ama ni kitanda?"

Kamanthe akacheka kwa adabu, akamwambia akae asiogope. Wazee wakakaa. Walishuka, wakaendelea kushuka, na walipofika mwisho magoti yao yalikuwa sawa na masikio. Mmoja alijaribu kuegemea nyuma, akakuta mgongo wa kochi uko mbali sana, akaishia kulala chali na kofia yake kifuani. Musili na wazee wetu wawili walipewa viti vya meza ya chakula, vya miguu mirefu, wakawa wanawatazama wageni kutoka juu kama mahakimu. Kamanthe alinibana jikoni akaniuliza kwa kunong'ona kama nimeona jinsi walivyotulia. Kweli walikuwa wametulia.

Mimi ndiye niliyegawa chai, kwa hiyo nilisikia mengi. Mazungumzo yalianza vizuri. Muli alieleza nia yao, akataja ukoo wake, akasema kijana wao ameona ua katika boma hili. Musili akamuuliza ua la aina gani, maana mimea ni mingi. Muli akavumilia. Musili akasema amekagua mbuzi, na mmoja ana pembe iliyovunjika, na yeye hawezi kupokea ntheo ya mbuzi aliyetoka vitani. Nikamwona Syokimau, aliyekuwa amesimama nyuma yangu mlangoni mwa jikoni, akifumba macho. Miaka sita iliyopita pia kulianza na jambo dogo.

Kwa kawaida, likifika jambo kama hilo, wageni huomba ruhusa, wakainuka, wakatoka nje kushauriana chini ya kivuli, kisha wakarudi na jibu moja. Hakuna ntheo isiyokuwa na kutoka nje. Kwa hiyo tulingoja. Muli aliweka kikombe chini. Akashika magoti yake. Akayumba mbele kidogo, akarudi. Akayumba tena. Kisha akakohoa, akapandisha kidevu, akasema maneno ambayo sijawahi kuyasikia katika ntheo yoyote.

"Wenye nyumba, tunaomba nyinyi mtupishe kidogo. Tuko na maneno ya kuongea."

Taa za darini zikageuka za zambarau. Musili alimtazama mwenzake wa kulia, akamtazama wa kushoto, wakainuka wote watatu na kutoka nje ya nyumba yao wenyewe. Wakasimama kando ya tangi la maji, juani, wakati wageni wamejinyoosha kivulini. Nilimsikia Musili akiwaambia wenzake kwamba pengine ndiyo desturi ya Masinga, lakini alisema kama mtu anayejishikilia asiseme lingine.

Dakika ishirini zikapita. Wakaitwa ndani. Muli akasema wamesikia habari ya pembe, na mbuzi atabadilishwa bila maneno. Musili akaridhika, akauliza basi kama wako tayari kusimama wote pamoja wakawapokee mbuzi nje, maana ndivyo inavyofanywa. Wageni wakatazamana. Muli akaomba wapishwe tena.

Mara ya pili nusu saa. Jua lilikuwa limefika utosini. Kamanthe alinituma nikachungulie kwa kisingizio cha kutoa vikombe. Nilisogeza pazia kidogo, na nilichokiona kilinifanya nirudi kwa ncha za vidole. Mzee mmoja alikuwa amepiga magoti katikati ya kapeti, ameshika meza ya kahawa kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na Muli amemwekea mkono begani. Nilirudi nikawaambia wanamwomba Mungu.

Ningejua ningefunga mdomo. Kamanthe alishika ukuta. Jambo gani zito hivyo mpaka wazee wapige magoti? Akasema wameona kitu ndani ya nyumba kimewachukiza, akaanza kuhesabu: labda ni kijivu, labda walitaka kuona picha ya Kisilu, labda zile nyasi. Wanawake wa Masinga waliokuwa wakikatakata kabichi nasi wakainamia visu vyao, na hilo tukalichukulia vibaya. Syokimau alivua vipuli vyake akavitia mfukoni mwa aproni. Sijui kwa nini alivivua, lakini nilitamani kulia.

Waliitwa ndani mara ya tatu, na Muli, jasho likimtiririka, akaomba wapishwe kidogo tu, mara ya mwisho. Musili hakungoja amalize. Alitoka moja kwa moja hadi kwenye mti alikotundika koti lake.

"Nimezaliwa kwa hii boma," alisema. "Leo nafukuzwa kwa nyumba ya ndugu yangu mara tatu, na watu wa Masinga. Warudi na mbuzi wao."

Mwanzia alikuwa pale karibu na lori, kamba za mbuzi mkononi, na alisikia kila neno. Bwana harusi hana ruhusa ya kusema. Alimtazama Syokimau tu. Syokimau alipita katikati ya wazee wa ukoo, jambo ambalo bibi harusi huwa halifanyi, akasimama mbele ya baba yake mdogo.

"Anko, ukienda leo, usirudi tena kunioza. Sitaposwa mara ya tatu."

Musili akabaki na mkono mmoja ndani ya koti na mwingine nje.

Hapo ndipo Kamanthe alipofanya lisilofanywa. Mama wa msichana haingii kwenye maneno ya wazee. Yeye hupika, husikiliza, na hulia wakati wa kulia ukifika. Lakini alivua aproni, akapanda ngazi za mlangoni, akaingia sebuleni peke yake, na mimi nikamfuata kwa sababu mtu akiingia motoni lazima awe na shahidi. Mzee wa kapetini alikuwa bado kapetini. Kamanthe hakusalimu.

"Wazee, niambieni ukweli. Mmekataa msichana wangu ama? Kama ni nyumba haijawafurahisha, mimi ndiyo nilichagua. Si yeye."

Muli alimtazama kutoka kule chini alikokuwa, uso wake wote aibu, mzee wa watu aliyechunga ng'ombe miaka sitini na hajawahi kushindwa kuinuka.

"Mwaitu, msichana tulikubali saa tano," alisema polepole. "Na pembe tulikubali. Tangu hapo tunatafuta vile tutasimama."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kamanthe akamtazama mzee wa kapetini, na mzee huyo akathibitisha kwa kichwa. Yeye ndiye aliyefika mbali zaidi. Alikuwa ameteleza mpaka sakafuni kwa mpango maalum wa kushika meza ainuke, kisha awavute wenzake, lakini meza ilikuwa na magurudumu. Wangeita vijana wawasaidie, Muli alieleza, lakini mtu anayekuja kuoa hawezi kuonekana akibebwa. Basi wakaona afadhali wawatoe wenye nyumba kuliko waaibike mbele yao.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika zile fito za zizi. Kamanthe hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kweli kochi liko hivyo, na hapo nikaelewa, na kicheko kikaniishia. Hajawahi kulikalia. Miezi mitatu alikuwa akitazama televisheni kutoka kwenye mlango wa jikoni, juu ya kigoda, akilinda kochi la watu watakaomchukua binti yake.

Musili aliitwa. Alipoelezwa, sura yake ilipita hali nyingi, na namsifu kwamba hakuuliza swali hata moja. Alikunja mikono ya shati, akasimama mbele ya Muli, akamnyooshea mikono yote miwili, akamvuta. Muli akaja juu kwa mguno mrefu, na alipofika wima wakabaki wameshikana vile vile, vifua vimegusana, wazee wawili ambao dakika tano kabla walikuwa maadui. Musili akawavuta na wale wengine. Kisha, kwa sababu yeye ni mtu wa utaratibu, akawapanga mstari mlangoni, wakavaa viatu, wakatoka pamoja hadi kwenye lori. Akashika kamba, akasema mbele ya watu wote kwamba boma la Kisilu limepokea ntheo. Wanawake tukapiga vigelegele mpaka mbuzi wakaogopa.

Kamanthe alikuwa amesikia akiwa ndani. Alitaka kutoka, lakini hakufika mlangoni. Miaka sita yote ilimtoka miguuni kwa mara moja, akaketi pale pale nyuma yake palipokuwa na kitu cha kukalia. Akashuka, akaendelea kushuka. Nilikuwa dirishani, nikamwona akijaribu kuinuka mara moja, mara mbili.

Mwanzia ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa ameingia kuchukua ile meza ya magurudumu kuipeleka nje kwa chakula. Alimwona mama mtu mzima amekwama, na mikono yake, mikono ya fundi mwenye nguvu za kuinua gurudumu la lori, ikaenda mbele yenyewe kumshika. Kamanthe naye akanyoosha yake. Zilibaki inchi mbili.

Mwanzia akasimama ghafla. Akarudisha mikono nyuma, akaikunja mgongoni, akainamisha macho sakafuni. Kwetu mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hamshiki mkono, hakai naye kiti kimoja, humpisha njiani. Ni heshima tunayoiita nthoni, na huanza ntheo ikipokelewa. Robo saa kabla angemwinua kama mtoto wa jirani na pasingekuwa na neno.

"Pole, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Wacha niite Syokimau." Akamwita kutoka pale pale alipokuwa, macho bado chini.

Nilipofika ndani nilimkuta Kamanthe mikono bado iko hewani, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, na uso wake umefunguka kiasi ambacho sijakiona tangu siku Kisilu alipomleta hapa. Nilimnyooshea mkono akakataa. Syokimau alikuja mbio, akamnyooshea wake, akakataa pia.

"Umeona, Nzilani?" aliniambia. "Ameniogopa."

Akatuomba tumwache kidogo. Akabaki ameketi vile vile, akimtazama mkwe wake anavyotoka kinyumenyume mlangoni.